Muhuri wa Miezi Mitatu

Salma alifika kwangu Mkuza wiki chache baada ya kumzika baba yake. Alikuja kwa treni, safari yote hiyo kutoka Mpika, Zambia, ingawa wanawe walimsihi apande basi ili asichelewe. Nilipotoka jikoni na birika la chai nilimkuta amevua viatu, amemwaga mkoba wake wote juu ya meza ya sebuleni anatafuta waya wa kuchajia simu, na katikati ya leso, dawa za kichwa na maganda ya karanga ilikuwapo pasipoti yake. Niliichukua bila kuomba ruhusa, kama mzee anavyochukua kitu cha mwanawe, nikaanza kuifunua karatasi moja moja. "Siku hizi, mama mdogo, wanakupiga picha na kukuwekesha vidole kwenye kioo," aliniambia. "Muhuri wenyewe wanaugonga huku wanapiga soga." Nikamwambia kwamba enzi zetu hawakuwa wanapiga soga. Mtu aliishika pasipoti yako, akakutazama, akaitazama, akakutazama tena, na wewe ukajikuta unajiuliza kama kweli ndiwe uliye kwenye ile picha. Salma alicheka kidogo, na ndipo akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu kwao. "Mama mdogo, mwaka ule uliokaa na sisi ulikuwaje? Baba hakupenda kuuongelea. Nikimuuliza anasema, kamuulize mwenyewe."

Sikuweza kumjibu kwa siku moja. Nilimjibu kidogo kidogo, siku zote alizokaa kwangu, tukichambua mchele au tukisubiri maji yatoke. Hapa naandika niliyomsimulia, pamoja na mengine ambayo mdomo ulikuwa mzito kuyatamka mbele yake.

Nilikuwa msichana wa Mzenga, huko Kisarawe, kijiji ambacho reli ya Zambia inapita ubavuni mwake, na nilikuwa nimemaliza shule bila kujua la kufanya. Dada yangu Zaituni alikuwa ameolewa na Chanda, Mzambia aliyeletwa kwetu na kazi ya kutengeneza njia ya reli. Alisilimu akapewa jina la Shabani, lakini hata mama yangu aliyelichagua jina hilo alimwita Chanda. Kazi ikamhamishia kwao Mpika, akaenda na mkewe, na huko Zaituni akajifungua mtoto wa kike, kisha miezi michache baadaye akafa kwa homa. Habari zilitufikia kwa mdomo wa mhudumu wa treni aliyekuwa akitufahamu. Matanga yalipoisha, nikiwa nje namenya muhogo, nikamsikia mama ndani anamwambia kaka yake, mjomba Kondo: "Mtoto wa Zaituni aje huku. Tumu hana mume, hana kazi, miguu yake mizima. Aende akamchukue." Tumu ndiye mimi, Mwantumu. Hakuna aliyeniuliza, na kusema kweli sikuona kwamba palikuwa na cha kuulizwa. Niliendelea kumenya muhogo, na moyoni nilikuwa nimekwishapanda treni.

Pasipoti tuliiombea Kibaha, kwa kuwa ndiko ofisi za mkoa ziliko. Leo ninaishi mwendo mfupi kutoka pale, nakwenda sokoni napita, na mara nyingine nasimama bila sababu. Siku ile nilivaa gauni la Zaituni aliloliacha, na mjomba akavaa koti ingawa jasho lilimtoka. Chumba kilikuwa na benchi refu, feni ambayo haikuzunguka, na afisa wa makamo aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Alituuliza majina ya babu zangu, walikozaliwa, walikozikwa. Mjomba Kondo, mtu wa shamba asiyezoea kuulizwa kwao ni wapi, alijibu kwa kuinua sauti. "Mwanangu, miye ukinichimba hapa nilipo utatoa udongo wa Kisarawe. Weye andika tu." Afisa hakucheka, aliandika. Kisha akaniuliza mimi nakwenda kufanya nini Zambia. Nikasema nakwenda kuchukua mtoto. Mjomba akanikanyaga mguu, akasema, "Anakwenda kuhani msiba." Nikasema, "Yote mawili." Yule afisa akaweka kalamu chini. "Mtoto ana karatasi?" Mjomba akajibu, "Mtoto ana baba." "Basi huyo baba awe ametamka," afisa alisema, "na iwe kwa maandishi." Tulipotoka tulikwenda kula chapati na maharage kwenye kibanda kimoja cha mtaa wa Tangini, na mjomba, akivua koti, akaniambia nisijitie hofu, hayo ni maneno ya ofisini. Nilimwamini. Alikuwa ndiye mtu mzima, na maharage yalikuwa matamu.

Safari ya kwenda naikumbuka kwa harufu zaidi kuliko kwa macho. Behewa la wanawake lilikuwa na vitanda vya kukunja, na kila tuliposimama chakula kiliingia dirishani: ndizi na wali wa Mlimba, viazi vya Makambako vilivyotiwa kwenye mifuko, halafu baridi ambayo sikuwahi kuikuta maishani, nikajifunga kanga zote nilizokuwa nazo. Mpakani, treni iliposimama Nakonde upande wa Zambia, waliingia maafisa wa nchi zote mbili, pamoja na mtu wa afya aliyetaka kuona kadi ya njano ya chanjo, na nyuma yao vijana wa kubadilisha fedha wakipita kwa haraka kama wanafukuzwa. Nilitoa pasipoti yangu mpya kwa mikono miwili. Nikapewa muhuri wa miezi mitatu. Nikaona ni mingi mno kwa mtu aliyepanga kukaa wiki moja.

Mpika sikumkuta Chanda. Alikuwa kusini na kikosi cha reli, daraja lilikuwa limeharibiwa na mvua, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nilimkuta mama yake, mwanamke mwembamba mwenye kikohozi kisichokatika, na mgongoni kwake Salma, mtoto asiye na jino hata moja, mwenye paji la uso la dada yangu. Mimi sikujua lugha yao, yeye hakujua yangu. Jirani mmoja aliyewahi kuishi Tunduma, mpakani upande wa Tanzania, ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Bibi alinipikia ugali mweupe wanaouita nshima, na kando yake viwavi vya kukaanga, akanitazama nikivizungusha kwenye sahani, akaondoka, akarudi na yai. Nilipomweleza nilichotumwa, alikohoa kwanza hadi kikohozi kikatulia. Kisha akasema, na jirani akatafsiri, "Mimi sitafika mbali. Mchukue." Akamfunga mtoto mgongoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akanipa kadi ya kliniki, chupa ya kunyonyeshea na kopo la maziwa ya unga. Nilidhani mambo yote yamekwisha kuamuliwa na wakubwa, kama nyumbani.

Kwenye treni ya kurudi nilipangiwa chumba kimoja na mama mmoja mfanyabiashara wa Kasama, aliyekuwa akipeleka uyoga mkavu Mbeya na aliyejua Kiswahili vizuri. Alinisaidia kuchemshiwa maji kwenye behewa la chakula, akanionyesha namna ya kumcheulisha mtoto. Nilipomweleza habari yangu akanyanyua nyusi. "Huna barua ya baba? Basi mpakani sema ni wako. Mnafanana. Nani atajua?" Akarudia tena tulipokaribia Nakonde, mara hii kwa sauti ya chini. Nilichokuwa nikifikiria ni kwamba nikifika Mzenga mama atatoka nje mbio.

Waliingia kama mara ya kwanza, wa Zambia wakianzia mwisho mmoja wa behewa na wa Tanzania mwisho wa pili, na chumba chetu kikaangukia kwa mwanamke wa Kitanzania, mrefu, sare imepigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, Tusekile, ila mimi nilimwita Afande mpaka mwisho. Aliichukua pasipoti yangu, akatazama tarehe za muhuri, akatazama mgongo wangu. "Uliingia peke yako," alisema. "Unatoka wawili." Kabla sijafungua mdomo Salma akaamka. Alilia kile kilio cha njaa kinachoanza polepole na kupanda, na chupa ilikuwa tupu, na maji ya moto yalikuwa behewa la nne. Afande hakunifokea. Aliketi kwenye kitanda cha mbele yangu, akasema kama dada mtu, "Mnyonyeshe kwanza, mtoto asiteseke. Tutaongea." Mama wa Kasama aligeukia dirishani. Nilimtoa Salma mgongoni, nikampakata, akaanza kutafuta kwa mdomo juu ya gauni langu, akitafuta kitu ambacho sikuwa nacho, na machozi yakanitoka. "Sina maziwa, Afande," nilisema. "Mimi ni mama yake mdogo. Mama yake amekufa."

Walinishusha. Sioni neno jingine, ingawa hawakunisukuma wala kunitukana. Maafisa wa nchi mbili walisimama kwenye kokoto kando ya treni, wakaongea, mmoja akaitazama kadi ya kliniki mbele na nyuma, na treni ikaondoka na mama wa Kasama akinipungia mkono dirishani. Mambo yao yalikuwa wazi kwao: hawawezi kunipitisha na mtoto wa watu, na hawawezi kuniacha stesheni na mtoto asiye na jino. Afande Tusekile aliongea na mkuu wake, wenzake wa Zambia wakaridhia tuvuke hadi nyumbani kwake tu kwa dhamana yake, kisha akaja akachukua begi langu mwenyewe. "Utalala kwangu," alisema, "na pasipoti yako italala ofisini." Njiani nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na sauti nzuri. Angekuwa mkali ningejua la kufanya.

Nyumba yake ilikuwa Tunduma, vyumba vitatu na ua wenye mboga za majani na kuku wa mayai, ukungu ukiingia hadi ukumbini asubuhi. Nikakaa jikoni karibu na jiko la mkaa kwa kuwa ndipo penye joto. Mlo wa kwanza ulikuwa ndizi zilizopikwa na maharage na maziwa mgando pembeni, na nilikula kama mtu asiyejali, mkono mmoja sahani, mkono mmoja mtoto. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, na ukuta wa chumba chao ulikuwa wa mbao. Nikawasikia wakiongea. "Mtoto wa dada yake," mwalimu alikuwa akisema. "Kadi ina jina la marehemu. Msichana mwenyewe analia kuliko mtoto. Mwachie aende kwao." Afande akajibu, "Na kama ungekuwa wewe ndiye baba? Umerudi kazini, umefungua mlango, kitanda cha mtoto kitupu. Ungetaka mimi niwe nimemwachia?" Nami jikoni nikamtazama Salma aliyelala juu ya kanga zangu. Katika safari yote ile, toka Kisarawe, sikuwahi hata mara moja kumfikiria Chanda akifungua mlango. Wakati ule nilijitetea kwamba mimi nimetumwa tu. Leo, nikiwa nimelea wanangu na kuwazika wengine, naona tu kwamba wale wote waliopanga jambo lile, mama yangu na bibi yake Salma, walikuwa kwenye msiba, na mtu aliye kwenye msiba hushika cha karibu.

Ilikuwa rahisi kumpata Chanda, kwa sababu stesheni zilikuwa na simu zao wenyewe. Ujumbe ulitoka Nakonde ukarushwa stesheni hadi stesheni hadi kule kwenye daraja, na jibu likarudi siku ileile: "Msimpitishe. Nakuja." Afande alinisomea vilevile, hakuongeza neno la kunipoza. Nikakaa nikimsubiri. Nilifagia ua, nilisuka nywele za binti zake, nilijifunza kumwogesha Salma kwenye beseni karibu na moto.

Chanda aliingia ofisi ya mpakani Nakonde na nguo za kazi, matope yamekauka hadi magotini. Nilisimama nikamwamkia, "Shikamoo, shemeji," maana alikuwa amenizidi sana umri. Hakuitikia. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaongea kile Kiswahili cha kwetu Mzenga alichojifunzia kwa dada yangu. "Kifo kimenichukulia mke. Ninyi mmekuja kunichukulia mtoto." Nilisema, "Shemeji, mama yako ndiye aliyemfunga mgongoni mwangu." Hilo hakuwa akilijua. Niliona jinsi lilivyomwingia. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaipiga piga kwenye goti. "Mama anaumwa," alisema, kama anamwambia Afande. "Anaogopa." Kisha akanyoosha mikono nimpe Salma. Nikampa. Salma alimtazama mtu yule mwenye ndevu na harufu ya dizeli, akalia, akajipinda mwili mzima kunirudia mimi, na Chanda akabaki amemshika kwapani, hajui amrudishe au amvute. Afande alijifanya anapanga mafaili. Mwisho Chanda alinirudishia mtoto, akafuta uso kwa kofia, akasema, "Sitamtoa nchini kwangu. Lakini siwezi kumlea na kazi hii. Rudi nami, Tumu. Kaa naye mpaka atembee." Akaweka sharti moja, mbele ya Afande kama shahidi: mtoto asivuke mpaka tena. Nikakubali kabla hajamaliza. Afande akarudisha pasipoti, mwenzake wa Nakonde akanigongea upya, miezi mitatu.

Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokwenda, kwa mihuri. Nilikaa Mpika kwenye nyumba ya reli ya vyumba viwili, na Chanda, ili watu wasiseme, akahamia kulala kwa mama yake ng'ambo ya ua. Asubuhi alikuja kunywa chai amesimama mlangoni, kikombe mkononi, akimtazama Salma akitambaa. Nilijifunza kusonga nshima isiyo na mabonge. Nilijifunza lugha yao kwenye bomba la maji, kwanza matusi, kisha majina ya mboga, kisha mazungumzo. Viwavi nikavila, na siku nilipoongeza vya pili bibi alicheka hadi kikohozi kikamkamata. Na kila miezi mitatu ilipokaribia kwisha, nilipanda treni hadi mpakani, nikagonga muhuri wa kutoka, nikalala kwa Afande siku mbili tatu kungoja treni ya kurudi, nikagonga wa kuingia. Mama alinitumia vifurushi vya nazi kupitia wahudumu wa treni, nami nilivichukua Tunduma na kuvuka navyo. Mkaguzi mmoja wa forodha alizoea kutikisa nazi zangu sikioni moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa, na kila mara aliniuliza, "Humu mna nini?" nami nikamjibu, "Maji, bosi." Alikuwa anajua. Nadhani alipenda ile sauti tu.

Salma alizoea kuondoka kwangu. Mara ya kwanza alilia, bibi aliniambia, mara ya pili alinuna, mara ya tatu alikwishajua kwamba treni inayonichukua ndiyo inayonirudisha, na kwamba nikirudi kuna biskuti. Nilikuwa namletea biskuti za Tunduma zenye sukari juu. Alianza kutembea akishika ukuta wa nyumba ile, siku ambayo baba yake alikuwapo, na Chanda alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Kisha tukatazamana, mimi na yeye, tukakumbuka maneno yake ya Nakonde, na wote tukageukia mambo mengine.

Lililotulazimisha kuamua lilikuja na muhuri. Yule afisa wa Nakonde, mtu wa haki ambaye alikuwa amenigongea mara zote bila shida, alizigeuza karatasi zangu akatikisa kichwa. "Dada, mgeni wa mwaka mzima si mgeni tena. Nitakaokugongea ukirudi ni wa mwisho. Ukitaka kukaa uombe kibali cha kuishi." Nikamuuliza kibali kinapatikanaje. Akataja njia kadhaa, na kwa msichana kama mimi, asiye na kazi wala mtaji, zote ziliishia kwenye moja: niwe mke wa mtu wa kule. Afande aliponipokea jioni ile hakuhitaji kuambiwa. Alinimiminia chai, akasema, "Usiamue kwa sababu ya muhuri, mdogo wangu. Muhuri unakwisha wino." Nilirudi Mpika na jambo hilo tumboni. Kumbe wengine walikuwa wamekwisha kulijadili. Kwetu mama alikuwa ametuma neno kwamba kama ni hivyo Chanda anioe tu, ndiyo desturi mke akifa. Kwenye bomba wanawake walikuwa wameanza kuniita mama Salma. Nami, nasema leo bila haya, ningekubali. Sikumpenda Chanda kwa namna hiyo, lakini nilikuwa nampenda mtoto kwa kila namna iliyopo, na nikiwa na umri ule niliona yanatosha.

Nilimsikia Chanda akijibu, bila yeye kujua kwamba nilikuwa nimekuja kuchukua chungu kwa mama yake na kwamba lugha yao sasa ilikuwa inaniingia masikioni bila kuombwa. Bibi alikuwa anamwambia, "Mwoe. Mtoto amemzoea, na wewe umemzoea." Kuni zilipasuka motoni. "Mama," Chanda alisema, "kila nikimtazama namwona Zaituni. Nitakuwa nimemwoa marehemu. Tumu ana maisha yake, aende akayatafute. Nitamwita dada atoke Kasama aje akae na Salma." Nilirudi nyumbani bila chungu. Nililia usiku ule kwa hasira ya mtu aliyekataliwa kitu ambacho hakukiomba. Miaka mingi ilipita, nikaolewa na mwanamume aliyekuwa akinitazama mimi na si mtu mwingine, ndipo nikajua Chanda alinipa nini jioni ile mbele ya moto wa mama yake. Sikuwahi kumwambia. Alipokuja Tanzania na Salma aliyekuwa mwanafunzi, tuliongea habari za mvua. Sasa amekufa.

Dada yake alikuja, mjane mchangamfu mwenye mikono mikubwa, na Salma akampenda kwa siku chache tu, jambo lililonifurahisha na kuniuma. Siku ya kuondoka nilitaka nitoke wakati mtoto amelala. Chanda alikataa. "Aone unaondoka," alisema, "asiamke akakutafuta kama ambavyo mimi ningewatafuta ninyi." Basi walinisindikiza stesheni wote, bibi akiwa amefungwa shali. Salma alivaa viatu vyekundu alivyonunuliwa na shangazi yake na alikuwa akivitazama kila hatua. Treni ilipoingia nilimkumbatia, nikamnusa shingo. Yeye alijitoa mikononi, akanipungia kama alivyonipungia mara zote, akasema neno lake la Kiswahili, "Bikuti," akageuka kumfukuza kuku aliyekuwa akidonoa chini ya benchi. Hakulia hata kidogo. Mpakani nilipata muhuri wa kutoka. Afande alinipitisha peke yangu, akaishika pasipoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akanirudishia akaenda kwa abiria wa pili.

Hayo yote nilimweleza Salma, isipokuwa maneno ya jikoni kwa bibi yake. Hayo atayasoma hapa. Siku ya mwisho kabla hajarudi kwao tulikuwa tumekaa barazani, yeye anakatakata matembele, na nilipofika kwenye habari ya yule kuku wa stesheni, kisu kilisimama. "Shangazi aliniambia kilichofuata," alisema. "Anasema kila treni ya kutoka huku ilipopiga honi, nilikuwa nakwenda kuchukua vile viatu, nampelekea baba anivalishe. Na baba alikuwa ananivalisha. Tunakwenda stesheni, tunasimama mpaka watu wote washuke, tunarudi."

Nilimuuliza waliendelea hivyo kwa muda gani.

"Shangazi hakuhesabu," Salma alisema. "Alisema mpaka viatu viliponibana. Baba akaninunulia vingine, na vile vipya sikumpelekea."